Barua ya wazi: Pimeni kilo zinazoingia Msimbazi

Kwa:
Waziri wa Maji,
Waziri mwenye dhamana ya Mazingira,
Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI,
na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

YAH: VIBALI VYA KUTIRIRISHA MAJITAKA MTO MSIMBAZI

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Sisi tunaoandika ni watu wa majitaka: wahandisi, wakemia wa maabara, mafundi wa kupima mito. Harufu ya Msimbazi pale Jangwani, Dar es Salaam, hatutaieleza, kila apitaye pale na basi la mwendokasi anaijua. Tumeleta hesabu ya kilo za uchafu zinazoingia mtoni kwa siku.

Zana za kulinda maji ya mto Serikali inazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka viwango, tathmini ya athari kwa mazingira, faini na marufuku ya shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imeweka kibali cha kutiririsha majitaka. Kanuni za Viwango vya Ubora wa Maji za 2007 zimetaja namba: BOD (oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu) isizidi miligramu 30 kwa lita, COD (oksijeni inayohitajika kuuchoma uchafu huo kwa kemikali) 60, chembechembe zinazoelea 100, pH (kipimo cha uasidi) kati ya 6.5 na 8.5, metali ya kromu, yote kwa jumla, miligramu 1. Hatuombi sheria mpya. Tunachosema ni kwamba ukaguzi wa majitaka karibu wote umetundikwa kwenye msumari mmoja, nao ni uchafu uliomo ndani ya lita moja. Lita ngapi zimetoka kwa siku, mara nyingi hakuna aliyepima.

Chukueni kiwanda kimoja cha kufikirika kinachotoa mita za ujazo 500 kwa siku, BOD yake miligramu 120. Hicho kimevuka kiwango mara nne. Mwenye kiwanda ana njia mbili. Ya kwanza ni kujenga mtambo wa kutibu. Ya pili ni kuchimba kisima, kuvuta mita za ujazo 1,500 za maji safi na kuyachanganya na majitaka kabla ya mdomo wa bomba. Mkaguzi akija anachota chupa, maabara inasoma 30, karatasi inatoka safi. Sasa zidisheni: 500 mara 120 ni gramu 60,000, yaani kilo 60 kwa siku. Na 2,000 mara 30 ni kilo 60 zile zile. Mto haukupunguziwa hata kilo moja, na juu yake tumepoteza maji ya kisima. Kukataza kuchanganya hakusaidii ikiwa hakuna kipimo cha mtiririko, maana hakuna atakayejua nani kachanganya.

Kilo 60 ni nyingi au kidogo? Inategemea mto. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unakwenda takribani kilomita 35 kupitia Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani hadi baharini Salenda. Kiangazi maji yake ni machache. Tuseme siku moja ya Septemba unapitisha lita 300 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 25,920 kwa siku. Maji yenye joto la nyuzi 28 hayawezi kubeba oksijeni zaidi ya miligramu 7.8 hivi kwa lita, hata yawe safi namna gani. Akiba yote ya oksijeni iliyomo mtoni siku hiyo ni kama kilo 200. Viwanda vinne vya namna ile, vyote vikiwa na karatasi safi mkononi, vinadai kilo 240 za oksijeni. Ni kweli mto hupumua, huvuta oksijeni nyingine kutoka hewani, lakini kwenye tambarare ya kuanzia Kigogo kushuka Jangwani maji yanatembea taratibu na kupumua huko ni kwa shida. Oksijeni ikiisha, vijidudu vingine vinashika kazi, na gesi yao ndiyo ile yenye kunuka mayai viza.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni hili: kila kibali kitaje kilo kwa siku, pamoja na miligramu kwa lita. Na jumla ya kilo za vibali vyote katika kipande kimoja cha mto isizidi kile ambacho kipande hicho kinaweza kumeza kiangazi. Bodi ya bonde inaijua hesabu hii kwa upande wa pili: inapotoa kibali cha kuvuta maji, inaangalia kwanza mtoni yamebaki kiasi gani baada ya wenye vibali vya awali kuchukua yao. Kwenye uchafu mto ugawanywe vivyo hivyo. Kibali kipya kikija na mgao umekwisha, mwombaji ama atibu zaidi, ama amsaidie jirani yake wa juu kupunguza, ama aende kuunganishwa na bomba la majitaka.

Watu hutuambia kupima mtiririko ni gharama. Tueleze basi kinachohitajika. Ni bamba la chuma la milimita 5, limekatwa katikati pengo la umbo la V lenye pembe ya nyuzi 90, limesimamishwa wima kwenye mfereji wa kutokea kiwanda. Nyuma yake inawekwa rula. Maji yakipita kwenye pengo kwa kimo cha sentimita 10, zinatoka lita 4.4 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 377 kwa siku. Kimo kikiwa sentimita 15, ni lita 12 kwa sekunde, zaidi ya mita za ujazo 1,000 kwa siku. Kanuni yake ni 1.38 mara kimo kwa mita kilichopandishwa kipeo cha 2.5, jibu likiwa mita za ujazo kwa sekunde. Fundi wa kuchomelea wa mtaani Gerezani, Dar es Salaam, anaweza kukata bamba hilo asubuhi na likafungwa jioni.

Linaharibika wapi? Kwanza, rula ikibandikwa kwenye bamba lenyewe. Karibu na pengo uso wa maji huinama, kwa hiyo kipimo kinasoma pungufu. Rula ikae nyuma kwa umbali usiopungua mara nne ya kimo cha juu kabisa cha maji. Pili, mchanga na tope vikijaa nyuma ya bamba, maji yanakuja kwa kasi na hesabu inadanganya. Pazolewe kila wiki. Tatu, mfereji wa mbele ukijaa maji hadi kufikia pengo, hayaanguki tena kwa uhuru na kanuni haifai. Nne, na hili ndilo kubwa, bamba linapima maji yanayopita kwenye bamba. Kama kuna bomba la pili linalotokea nyuma ya ukuta, bamba litabaki linasoma vizuri mwaka mzima. Mkaguzi afanye mizania: maji yaliyoingia kwa mita ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, na kisima, toa yaliyomo kwenye bidhaa na yaliyokwenda na mvuke, yanayobaki lazima yaonekane kwenye bamba. Kiwanda cha kufua na kutia rangi nguo kinachoingiza mita za ujazo 800 na kutoa 200 kina maelezo ya kutoa.

Tukija kwenye chupa yenyewe, hapa pia ukaguzi wetu una matundu. Ziara hufanyika saa nne asubuhi, gari la Serikali getini, kitabu cha wageni kinasainiwa, na kufikia hapo bonde zima limejua. Majitaka mabaya hutoka saa nane usiku, au siku mvua inaponyesha. Chupa moja ya saa nne haina ushahidi wa siku. Sampuli ya kibali iwe ya saa 24: chupa ndogo kila saa, zikichanganywa kwa uwiano wa mtiririko wa saa hiyo. Kuna mashine za kuchota zenyewe. Pasipo na mashine, vijana wawili wenye saa, ndoo na boksi la barafu wanatosha. Barafu si pambo. Sampuli ya BOD isipopoozwa kufikia nyuzi 4 mara baada ya kuchotwa, vijidudu vinaanza kula uchafu njiani, na ikikaa kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere juani kwa muda wa saa tatu, inafika maabara imekuwa safi kuliko ilivyotoka. Aliyefaidika hapo ni mchafuzi.

Kipo kingine cha kitaalamu ambacho wasomaji wa ripoti wasiotoka maabara huteleza nacho. Ripoti ikisema COD 800 na BOD 25, usishangilie ile 25. BOD hupimwa kwa kuviacha vijidudu vikila uchafu kwa siku tano, katika nyuzi 20. Kama majitaka yana klorini, kromu au dawa za rangi, vijidudu hufa ndani ya chupa, na wafu hawatumii oksijeni. Namba ndogo hapo maana yake ni sumu. Ndiyo maana tunashauri COD iwe kipimo cha kila wiki, kwa kuwa jibu lake linapatikana ndani ya saa tatu, na BOD ifanywe kila mwezi kwa kulinganisha. Uwiano wa viwili ukibadilika ghafla, mkaguzi afike siku hiyo hiyo.

Kwa usiku, njia ya bei nafuu zaidi tunayoijua ni kihisi cha upitishaji umeme ndani ya mfereji, kikirekodi kila dakika 10. Majitaka mengi ya viwandani yana chumvi zaidi kuliko maji ya mvua au ya nyumbani, na chumvi hupitisha umeme. Mchoro unakwenda sawa kama uzi, halafu saa nane usiku unaruka juu kama mnazi na kushuka saa kumi. Huo haukamati kosa peke yake, lakini unamwambia mkaguzi aje saa ngapi.

Sasa suala la nani anakagua. Mwenye kiwanda kando ya Msimbazi anayemwaga mtoni anahitaji kibali cha bodi ya bonde chini ya sheria ya 2009, ana mamlaka ya mazingira chini ya sheria ya 2004, ana DAWASA ikiwa sehemu ya majitaka yake inaingia kwenye bomba, na ana halmashauri kwa machinjio, taka ngumu na leseni. Milango minne, kila mmoja una fomu yake, ada yake na maabara unayoiamini. Jirani zetu Kenya wanayo shida inayofanana, huko mamlaka ya mazingira (NEMA) na mamlaka ya rasilimali za maji zikishika kila moja kamba yake. Athari yake haiishii kwenye usumbufu. Chupa ya taasisi moja inaweza isitambulike kama ushahidi kwa nyingine, kwa hiyo kiwanda kimoja kinaweza kuwa kimefaulu na kimefeli mwezi mmoja. Hatusemi muunganishe taasisi, kazi hiyo huchukua miaka na magari mapya. Tunaomba kitu kidogo: faili moja ya kila mdomo wa bomba, yenye namba moja na viratibu vyake kwenye ramani, fomu moja ya kuchukulia sampuli inayokubalika na wote wanne, na mmoja tu wa kutoa ankara. Sheria ya maji imeipa bodi ya bonde mamlaka ya kutoa kibali. Ankara ikae hapo.

Ankara ndiyo inatuleta kwenye tozo, na hapa tunaomba msome polepole.

Faini ni ya tukio, tozo ni ya kila siku. Faini ikitozwa mara moja kwa mwaka, mwenye kiwanda huiweka kwenye bajeti kama umeme. Tozo kwa kila kilo inamfanya aulize fundi wake kila mwezi ni kilo ngapi zimetoka. Uholanzi ilianza njia hii kwa sheria ya 1970: kila mtiririshaji alilipa kulingana na uchafu wake ukigeuzwa kuwa sawa na uchafu wa watu wangapi. Wakubwa walipimwa. Wadogo hawakupimwa, walikadiriwa kwa jedwali la kazi yao na kiasi cha malighafi au maji waliyotumia, na aliyeona kakadiriwa juu alikuwa huru kupima kwa gharama yake na kuthibitisha. Hilo jedwali ndilo lililoifanya tozo itozeke, kwa maana hakuna nchi inayoweza kupeleka mkaguzi kila karakana. Ujerumani ilianza kutoza 1981 kwa marki 12 (sarafu yake ya wakati huo) kwa kila kipimo cha uchafu, na ikapandisha kwa ngazi hadi marki 70 mwaka 1997. Viwanda vilijua mapema bei inakopanda, vikajenga mitambo kabla haijafika.

Kosa la kuogopwa ni tozo ndogo. Turudi kwenye kiwanda chetu cha kufikirika cha kilo 60. Tuseme tozo ni shilingi 500 kwa kilo. Analipa takribani milioni 10.95 kwa mwaka. Akitibu hadi miligramu 30 bila kuchanganya, zinabaki kilo 15 kwa siku, analipa milioni 2.74, kaokoa milioni 8.2. Lakini mashine ya kupuliza hewa hula kama uniti 1.5 za umeme kwa kila kilo ya BOD inayoondolewa. Kilo 45 kwa siku, mwaka mzima, ni uniti 24,600 hivi. Kwa shilingi 300 kwa uniti ni milioni 7.4. Hapo hajalipa fundi, hajanunua mota ya pili, hajasomba tope. Kwa shilingi 500 mhasibu yeyote mwenye akili atamshauri alipe tozo na auache mto. Kwa hiyo kiwango kiwekwe kwa kuangalia gharama halisi ya kutibu kilo moja: kianze chini, kipande kwa ngazi hadi kuipita gharama hiyo, na ngazi hizo za miaka mitano zitangazwe siku ya kwanza. Kilo zinazozidi zile za kibali zitozwe mara tatu, huku ratiba ya marekebisho ikiwekwa kwa maandishi: tarehe ya michoro, tarehe ya kumwaga zege, tarehe ya kuwasha mtambo, na dhamana ya benki inayochukuliwa tarehe ikipita. Kufunga kiwanda kwa kufuli mbele ya kamera na kukifungua baada ya wiki mbili hakutoshi, kwani mtambo wa kutibu haujengwi kwa wiki mbili.

Fedha zirudi Msimbazi. Tozo ya mto ikiingia mfuko mkuu, walipaji huiona kodi na bodi ya bonde inabaki bila mafuta ya gari. Pia taasisi isiishi kwa faini inazotoza yenyewe. Hapo inaanza kuwahitaji wachafuzi.

Machinjio yanataka aya yake. Damu ina BOD inayofikia miligramu 150,000 kwa lita na kuzidi. Ng'ombe wetu mmoja hutoa kama lita 10. Hiyo ni kilo moja na nusu ya BOD kwa ng'ombe mmoja, sawa na majitaka ya siku moja ya watu zaidi ya 30. Damu ikishaingia kwenye mfereji pamoja na maji ya kuoshea, hakuna bwawa litakaloimudu kwa bei nafuu. Ikikingwa kabla ya kugusa sakafu inaweza kukaushwa ikawa chakula cha kuku. Sharti la kibali liwe fupi: mfereji wa damu uwe peke yake, uteremke kwenye tangi lililofunikwa, sakafu ikwanguliwe kikavu kabla ya bomba la maji kufunguliwa, na kinyesi cha tumboni kitoke kwa toroli. Sharti hilo linaweza kuondoa kilo nyingi kuliko mtambo wa mamilioni ya fedha, na linakaguliwa kwa macho tu, bila maabara.

Mabwawa ya kutibu majitaka ya umma, ya Vingunguti na mengineyo, nayo yawe na kibali, bamba la V na kilo zilizotangazwa. Serikali haiwezi kumtoza mwenye karakana ya batiki huku bwawa lake lenyewe halina namba. Bwawa la kwanza, lile lisilo na hewa, linafanya kazi kwa ujazo wake. Tope likijaa theluthi moja ni wakati wa kulisomba, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili hadi mitano. Lisiposombwa, maji yanakata njia fupi juu ya tope na kutoka karibu yalivyoingia. Kupima kina cha tope ni kazi ya mti mrefu uliozungushiwa taulo jeupe: unautumbukiza wima, unautoa, alama nyeusi inakuambia tope limefika wapi. Ifanyike mara mbili kwa mwaka na matokeo yabandikwe getini.

Tunajua pia kwamba uchafu mkubwa wa Msimbazi hauna mdomo wa bomba. Nyumba nyingi za bonde hili hazijaunganishwa na mtandao wa majitaka, vyoo ni vya shimo, na masika yakikolea watu hutapisha vyoo: wanatoboa ukuta wa shimo, mvua inasomba. Kila mjumbe wa mtaa anajua nyumba zipi. Faini hapa haifanyi kazi, kwa sababu anayetapisha kapiga hesabu yake: gari la kunyonya haliingii uchochoroni, na likiingia bei yake ni ya mshahara. Tope la choo lina uchafu mara kumi au zaidi ya majitaka ya kwenye bomba, kwa hiyo kila gari linalofika bwawani badala ya mtoni ni mavuno. Kosa letu la kisera ni kumtoza dereva langoni kwa kila safari ya kumwaga. Kadiri ada ya lango inavyopanda ndivyo mfereji wa usiku unavyovutia. Igeuzeni: ada ikusanywe kwenye leseni ya gari ya mwaka, kumwaga bwawani kuwe bure, gari lifungwe kifaa cha kufuatilia safari, na leseni ifutwe kwa gari lenye safari nyingi za kunyonya kuliko za kumwaga. Kwa vichochoro, pampu za mkono na matoroli ya mapipa vipewe ruzuku pamoja na matangi ya kati ambako gari kubwa linafika.

Kuhusu mita 60 hatutasema mengi. Watu wamehamishwa bondeni, wengine Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011, wengine kwa fidia chini ya mradi wa bonde la Msimbazi unaotumia mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 ulioidhinishwa 2022. Kwa upande wa mafuriko kazi hiyo ina maana. Kwa ubora wa maji, kipande cha wazi kisicho na mwenyewe hugeuka dampo na pa kuoshea magari kabla mwaka haujaisha. Kingo zipandwe, zikabidhiwe, na bomba linalopita chini ya mita hizo 60 lihesabiwe kama lolote jingine. Wakulima wa mchicha wasifukuzwe kabla ya kuelezwa kilichopimwa kwenye mboga zao: tafiti zimekuta metali nzito kwenye mboga za bonde hili, na metali hizo zina chanzo juu ya mto chenye kibali au kisicho nacho.

Tunafika kwenye kutangaza. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, samaki wakafa, wananchi wakaambiwa wasiyatumie. Kamati iliyoundwa ikasema oksijeni iliisha kutokana na kuoza kwa mimea na uchafu wa mifugo. Nchi ikacheka, wengi wakaamini ni mgodi. Kwa kemia, maelezo ya kamati hayako mbali: kinamasi kikubwa kikisukumwa na mafuriko hutoa maji meusi yasiyo na oksijeni, na kwenye sehemu ya juu ya mto huo huo inajulikana kwamba madimbwi ya viboko yakisombwa na mvua huua samaki vivyo hivyo. Lakini kamati inayoanza kupima samaki wakiwa wamekwisha kuelea haina namba za jana yake. Kihisi cha oksijeni kwenye nguzo ya daraja, kikiwa kimerekodi miezi kabla, kingeonyesha oksijeni ilianza kushuka siku gani, saa ngapi na kutokea upande gani. Watu wanaamini mchoro walioutazama tangu mwanzo.

Indonesia ilianza mwaka 1995 kutangaza viwanda kwa rangi tano, dhahabu kwa walio bora kabisa, kijani, buluu, nyekundu na nyeusi kwa walio wabaya kabisa, na mkopeshaji na mnunuzi wanaweza kuzisoma rangi hizo. Marekani chini ya sheria ya maji ya 1972 humlazimu mwenye kibali kupima mwenyewe na kuwasilisha takwimu ambazo raia yeyote anaweza kuzisoma na kuzipeleka mahakamani. Kwetu kuanza ni rahisi: orodha ya vibali vyote vya Msimbazi, kilo za kila kimoja, na matokeo ya robo mwaka, kwenye tovuti ya bodi na kwenye mbao za ofisi za kata.

Tunaomba vituo vitano vya mtoni: Pugu juu ya viwanda, chini ya Vingunguti, daraja la Kigogo, Jangwani, na Salenda. Salenda ipimwe maji yakiwa yamekupwa, vinginevyo mnapima bahari. Oksijeni isomwe pale pale mtoni, kamwe isisafirishwe kwenye chupa. Kihisi kinachokaa mtoni kiingizwe kwenye bomba la chuma lenye kufuli, kifutwe kila wiki kwa sababu utando wa vijidudu hukifunika na kukipofusha, na bajeti ya dawa za kukirekebisha iandikwe kabla ya bajeti ya kukinunua. Kifaa cha aina hii kinaweza kufa kwa kukosa chupa ya dawa ya bei ya chakula cha mchana cha semina.

Mvua za kwanza za vuli ndizo husukuma uchafu wa kiangazi chote kwa siku mbili tatu. Kipimo cha kuanzia kichukuliwe kabla yake, saa kumi alfajiri, wakati oksijeni iko chini kabisa na wakaguzi hawajaamka. Mabamba ya V yafungwe kwanza kwenye midomo kumi mikubwa kati ya Gongo la Mboto na Kigogo, ikiwamo ya umma. Michoro yake tunayo, na tutaikabidhi kwa ofisa yeyote atakayetumwa kuifuata.

Wenu katika kazi ya maji,

Wahandisi, wakemia na mafundi wa vipimo,
Dar es Salaam.